Kidude kilichotupwa kwenye kopo

Fundi anakishika kwa vidole viwili, anakigeuza mara moja kwenye mwanga, kisha anakitupa. Kinaangukia ndani ya kopo la rangi lenye bolti zilizoota kutu, plagi zilizochoka na vidude vingine kama chenyewe, vitano au sita hivi.

"Mama, hii themostati ni ya nchi za baridi. Huku kwetu inachemshia watu gari tu."

Mwenye gari, Corolla 110 ya mwaka 1998, anaitikia kwa kichwa. Silikoni kidogo, nati mbili zinarudi, maji ya bomba yanamiminwa, gari linawashwa. Mshale wa joto unapanda kidogo na kusimama chini kabisa ya nusu. Wote wanafurahi.

Sentensi hiyo ya nchi za baridi imenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Ingekuwa uongo mtupu ingeshakufa zamani. Inaishi kwa sababu mara nyingi, ukikitoa kile kidude, gari kweli linaacha kuchemsha.

Kwa muda.

## Kidude chenyewe

Themostati ni mlango unaoendeshwa na nta. Nta imefungiwa ndani ya kikombe cha shaba. Ikipata joto inatanuka, inasukuma kipini, mlango unafunguka na maji yanapata njia ya kupita kwenye rejeta. Zinazofungwa kwenye Corolla za umri huo huandikwa 82. Zinaanza kufunguka kati ya nyuzi joto 80 na 84, na zikifika 95 zinatakiwa ziwe zimeachia nafasi ya milimita 8 au zaidi.

Hapo hakuna neno kuhusu hali ya hewa. Maji ya ndani ya injini yanatakiwa yafike nyuzi 82 Sapporo kwenye theluji, na yanatakiwa yafike hizo hizo 82 Ubungo saa nane mchana. Toyota zinazouzwa mpya Oman, ambako kiangazi hewa hupita nyuzi 40, zinatoka na themostati. Kama kingekuwa kitu cha baridi, Muscat ingekuwa ya kwanza kukitupa.

Kuna jambo la pili, na ndilo lililonigeuza kabisa. Kwenye injini za ukoo wa A za Toyota, yaani 4A, 5A ya Corolla 110 na ndugu zake, themostati inakaa upande maji yanakoingilia, mwisho wa mpira wa chini. Kwa nyuma ina kisahani kingine. Injini ikiwa baridi, mlango mkubwa umefungwa na maji yanazunguka kwa njia ya mkato, ndani kwa ndani, bila kufika kwenye rejeta. Injini ikipata moto, mlango mkubwa unafunguka na kile kisahani kinaziba ile njia ya mkato.

Ukitoa themostati, njia zote mbili zinabaki wazi.

Maana yake sehemu ya maji ya moto yanayotoka kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini, yanarudi moja kwa moja kwenye pampu, hayajaiona rejeta. Kwenye barabara tambarare huwezi kujua. Panda mlima Kitonga na abiria wanne, mizigo nyuma na AC imewashwa, na ile njia ya mkato inaanza kudai haki yake. Kifaa kilichotolewa ili gari lisichemshe kinakuwa sababu mojawapo ya kuchemsha.

## Mbona gari limepona?

Hili ndilo swali la haki, na mafundi wanalijibu kwa ushahidi wa macho: gari liliingia linatoa mvuke, limetoka halitoi.

Mara nyingine themostati ilikuwa imekufa kweli. Gari lililotiliwa maji ya bomba miaka mitano linaota kutu ndani, kutu inakaa kwenye kipini, mlango unakwama ukiwa umefungwa. Kuitoa hapo ni sawa. Kosa ni kutorudisha nyingine.

Mara nyingi zaidi mgonjwa ni rejeta. Imeziba nusu, na uwezo wake wa kupoza umepungua. Ukitoa themostati, safari inaanzia chini zaidi, tuseme nyuzi 55 badala ya 82, kwa hiyo joto linachukua muda mrefu kufika juu. Mbagala hadi Kariakoo unafika kabla halijafika. Dar hadi Iringa linakufikia njiani.

Wakati huo injini inaishi baridi. Kompyuta ya gari inasoma kwamba bado haijapata moto, inaendelea kuongeza petroli. Kwenye gari la otomatiki, gia ya juu kabisa (overdrive) inachelewa kuingia au haiingii kabisa, na mwenyewe anaanza kuilaumu gia boksi. Unyevu ndani ya injini haukauki, unachanganyika na oili na kuacha ute kama maziwa mgando chini ya mfuniko wa oili. Fundi wa pili akiuona ute huo anasema gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imeungua. Nimeona watu wakishusha hedi kwa ajili ya ute huo tu.

## Linachemshia wapi?

Kabla ya kushika spana, dereva aulizwe swali hilo moja. Jibu lake linafuta nusu ya washukiwa.

Likichemsha kwenye foleni na kupoa likianza kutembea, tatizo ni hewa: feni haizunguki, inazunguka polepole, au kava ya feni ilivunjika na haikurudishwa. Kava si pambo. Bila hiyo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta nzima.

Likiwa zuri mjini na kuchemsha kwenye mwendo mrefu au mlimani, tatizo ni maji kutopita vya kutosha: rejeta imeziba, mapezi ya pampu yameliwa, themostati inafunguka nusu, au mpira wa chini umelegea na unajibana pampu ikivuta. Huu wa mwisho unakwepa wengi. Shika mpira injini ikiwa baridi. Ukibonyea kama mkate laini, badilisha. Kisha mtu akanyage mafuta mpaka mzunguko 3,000 huku wewe unautazama. Usiushike karibu na feni.

Likichemsha kila mahali, ndani ya dakika kumi tangu kuwashwa, ama maji hayamo, ama themostati imekwama ikiwa imefungwa, ama gasketi imekwenda.

Na likichemsha huku taa ya betri inawaka, usitafute mbali. Kwenye 5A mkanda wa alteneta ndio huo huo unaozungusha pampu ya maji.

## Mfuniko wa rejeta

Nitakaa hapa kidogo, maana hiki ndicho kipande cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachoangaliwa mwisho.

Maji kwenye usawa wa bahari yanachemka kwenye nyuzi 100. Iringa mjini, mita kama 1,600 juu, yanachemka karibu na 95. Limuru, mita kama 2,200, ni 93 hivi. Anayepika maharage huko anajua bila kuambiwa.

Sasa tazama feni. Kwenye Corolla nyingi za miaka hiyo swichi inaiwasha maji yakifika kama nyuzi 93. Kwa hiyo gari ambalo mfuniko wake haushiki presha, likiwa Limuru, maji yake yanaanza kuchemka pale pale feni inapotaka kuanza kazi. Kila kitu kingine kinaweza kuwa kizima na bado linachemsha.

Mfuniko mzima unabadilisha hesabu. Juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha kwa kilo kwa sentimita ya mraba. Ukiwa na 0.9, maji matupu ya Dar hayachemki mpaka yafike karibu 118, na Limuru yanafika kama 115. Ndiyo maana gari lile lile lenye mfuniko mbovu linaweza kuwa na afya Tanga na kuwa mgonjwa Lushoto bila kitu kingine kubadilika.

Namna ya kuupima bila mashine: injini ikiwa imepoa kabisa, ufungue. Raba ya chini isiwe na mpasuko wala alama ya kutu iliyozama. Vuta kile kivali kidogo cha katikati. Kifunguke na kujirudisha chenyewe. Kivali hicho ndicho kinachoruhusu maji yarudi kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa. Kikikwama, utaona chupa imejaa pomoni huku rejeta ina upungufu, na mpira wa juu umebonyea asubuhi kama chupa ya plastiki iliyonyonywa.

Na hapo ndipo watu wanadanganyika: wanatazama chupa, wanaona maji, wanaondoka. Tazama ndani ya rejeta yenyewe, asubuhi, injini ikiwa baridi. Maji yafike shingoni.

Ukibadilisha, weka presha ile ile. Kuweka 1.1 palipokuwa na 0.9 kwenye rejeta ya miaka ishirini na tano ni kutafuta mahali papya pa kuvuja.

## Feni ya "dairekti"

Ndugu yake na themostati iliyotupwa. Feni haiwaki, fundi anaikata waya na kuiunga moja kwa moja kwenye funguo. Ukiwasha gari, inazunguka hadi unapozima.

Inafanya kazi, siwezi kukataa. Ila mota ya feni iliyokuwa ipumzike nusu ya safari sasa inapiga kazi muda wote, na brashi zake zinaisha mapema. Siku inapokufa, inakufa kimya. Waya mwembamba uliotumika kuungia nao unapata moto.

Kupima mfumo wa awali kunachukua dakika tatu. Kwenye Corolla hizi swichi ya joto ya feni imeunganishwa kinyume na watu wanavyodhani: ikiwa baridi inapitisha umeme na feni inatulia, ikipata moto inakata na feni inawaka. Kwa hiyo washa funguo bila kuwasha injini, AC ikiwa imezimwa, kisha chomoa soketi ya swichi. Feni inatakiwa izunguke. Ikizunguka, waya, relei na mota ni vizima, na kilichokufa ni swichi. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha badilishana relei na nyingine ya aina hiyo hiyo boksini, kisha ipe mota umeme kutoka kwenye betri kwa waya mbili. Hakuna cha kubahatisha hapo.

## Mshale unaweza kudanganya

Kihisi cha joto kinasoma maji. Kikikosa maji na kubaki kwenye mvuke, kinasoma chini ya ukweli. Ndiyo maana kuna madereva wanaoapa kwamba mshale ulipanda, kisha ukashuka wenyewe, wakaendelea na safari wakimshukuru Mungu.

Mshale ukishuka ghafla baada ya kupanda, na hita ikaanza kutoa hewa ya baridi, maji yameisha. Simama.

Ukisimama, zima AC. Kama maji bado yamo na feni inazunguka, acha injini iungurume kidogo na ufungue hita hadi mwisho wa moto. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Kama maji hayamo, zima mara moja. Fungua boneti. Usiguse mfuniko kwa nusu saa, na ukiufungua tumia kitambaa kinene, zungusha hadi kituo cha kwanza na usubiri ipumue. Usimwagie injini maji ya baridi, wala usiyatie ndani ikiwa bado inaunguza mkono. Hedi ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma, na havisinyai kwa mwendo mmoja.

Kwenye injini hizi hedi inaruhusiwa kupinda milimita 0.05 tu upande wa bloku. Hiyo ni kama nusu ya unene wa karatasi ya fotokopi. Dakika mbili za ubishi na mshale zinatosha kuvuka hapo.

## Gasketi, bila kukisia

Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, jaza maji hadi shingoni, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyonaswa. Mapovu madogo madogo yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi kutoka kwenye silinda. Dalili nyingine: rudisha mfuniko, washa gari la baridi, na shika mpira wa juu. Ukiwa mgumu kama tairi ndani ya dakika moja au mbili, kabla injini haijapata moto, hiyo si presha ya joto.

Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi Mafinga si ushahidi. Ushahidi ni unaoendelea injini ikiwa moto, huku maji yanapungua na chini ya gari hakuna tone.

Ikithibitika, hedi ishushwe na ipimwe kwa rula ya chuma na vipimo vya majani (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) kabla ya gasketi mpya kukaa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni hela ya safari mbili.

## Maji gani

Kutu rangi ya chai kwenye shingo ya rejeta inakuambia historia nzima ya gari. Na Dar kuna jambo la ziada: maji mengi ya visima yana chumvi, na chumvi inakula aluminiamu.

Mfumo mzima wa 5A unachukua kama lita 5 hadi 6. Ukifungua koki ya chini ya rejeta tu, karibu nusu inabaki kwenye bloku, ambayo ina plagi yake ya kumwagia. Wengi hawaigusi kwa sababu imeshikwa na kutu, na kuilazimisha kunaweza kuivunja. Basi fanya hivi: mwaga rejeta, jaza maji safi, endesha mpaka themostati ifunguke huku hita iko kwenye moto, poza, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke meupe. Mara ya mwisho, ukijua ndani ya bloku yamebaki maji matupu, tanguliza kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta) isiyochanganywa lita 3 nzima, ndipo umalizie kwa maji. Utapata nusu kwa nusu bila kubahatisha. Watu wakimimina ile iliyokwisha kuchanganywa juu ya maji yaliyobaki wanaishia na robo.

Kulanti tupu bila maji si bora zaidi. Maji ndiyo yanayobeba joto vizuri. Kulanti inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya mvua yaliyokingwa safi yanafaa. Maji ya betri pia, mradi ni yale yaliyochujwa na si asidi. Chupa zinafanana, soma.

Yai bichi na manjano ya jikoni vinaziba tundu la rejeta, ni kweli. Vinaziba na vijibomba vyake. Kwa kukufikisha Chalinze, sawa.

Na nje ya rejeta: kati yake na kondensa ya AC, ile kama rejeta iliyo mbele yake, hujaa vumbi, majani na wadudu mpaka panakuwa kama mkeka. Kwa mbele huoni kitu. Legeza rejeta, isogeze, na upige maji ya mpira wa bustani kutoka upande wa injini kuelekea nje. Mashine ya presha ya kuoshea magari inalaza mapezi.

## Sufuria

Kile kidude cha kwenye kopo kinaweza kupimwa jikoni. Pitisha uzi kwenye mdomo wa mlango wake, mlango ubane uzi, na ukining'inize ndani ya sufuria ya maji kisiguse chini. Washa moto mdogo. Ukiwa na kipimajoto, tazama kinaachia uzi kwenye nyuzi ngapi: 80 hadi 84 ni kizima. Huna kipimajoto, basi kidondoke kabla maji hayajaanza kutokota kweli kweli, na kikitolewa kipoe kijifunge hadi mwisho. Kisipodondoka, au kikibaki mdomo wazi kikipoa, rudisha kwenye kopo.

Unaponunua kingine, kilinganishe na cha zamani upande wa nyuma, si wa mbele. Kuna vya bei rahisi visivyo na kile kisahani cha pili. Vinaingia vizuri, vinafunga vizuri, na vinaacha njia ya mkato wazi kana kwamba hukuweka kitu.

Kwenye ukingo wake kuna kitundu chenye kipini kidogo kinachochezacheza. Hicho ni cha kupitishia hewa, na kinatakiwa kitazame juu. Kikitazama chini, hewa inabaki ndani, na wewe utarudi kwa fundi wiki ijayo ukisema themostati mpya nayo inachemsha gari. Pua ya gari ikae juu kidogo kwenye mwinuko, mfuniko wazi, hita kwenye moto, mimina polepole, binyabinya mpira wa juu mpaka maji yaache kushuka. Funga. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua tena uangalie shingoni. Mara nyingi patakuwa na nafasi ya nusu lita.